Shajara ya mradi: kutambua na kuhesabu kaa koko wa Ghuba ya Gazi

Shajara hii inafuata kazi ya mwaka 2024 katika mikoko ya Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Tulitaka kujua mambo mawili: kaa koko wa hapa, yaani kaa wakubwa wa tope la mikoko (Scylla), ni spishi moja au zaidi, na wanaishi wapi, kwa ukubwa gani na msimu gani. La pili ndilo lililosumbua zaidi, kwa sababu kila njia ya kuhesabu kaa humwonyesha mtu sehemu tu ya kaa waliopo. Hatua zilizokwenda sawa zimeandikwa kwa ufupi. Zilizoharibika zimepewa nafasi, maana ndizo zitakazomgharimu atakayeanza kazi kama hii kwingine. Bei zote ni za mwaka 2024, kwa shilingi za Kenya.

12 Januari 2024: vibali, vituo na vifaa

Leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), barua ya Kenya Forest Service, na maafikiano na BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Vyote viwe mkononi kabla ya kununua hata msumari. Kikao na BMU kisifanywe kwa haraka. Wachokoaji kaa, wanaowatoa kaa mashimoni kwa fimbo, wana mashimo wanayoyarudia kila bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), na mtafiti anayeyafukua bila kuuliza anaharibu riziki ya mtu na pia anaharibu kituo chake mwenyewe, kwani shimo lililobomoka kaa hulihama.

Ghuba hii inafaa kwa swali letu kwa sababu ina mikono miwili isiyofanana. Mkono wa magharibi unapokea Mto Kidogoweni. Wa mashariki, upande wa Kinondo, hauna mto, maji yake ni ya bahari. Mto Mkurumuji, unaoingia upande wa kusini, tumeuacha nje ya mpango. Kila mkono una mstari mmoja wa vituo kutoka baharini kwenda bara, kwa kufuata aina za miti ya mikoko: penye mlilana, penye mkoko, penye mkandaa, na mwisho penye mchu wa juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu.

Ratiba inafuata mwezi. Siku za bamvua maji hapa hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hiyo ndiyo nafasi ya kukagua mashimo. Wakati wa maji mafu, yanapopwa kidogo tu, hatuendi.

Vifaa vya kupimia: kalipa ya chuma ya sm 20 (2,200), mizani ya kidijitali ya kilo 5 (1,500), refraktomita ya kupima chumvi ya maji (4,500). Msinunue kalipa ya sm 15 kwa sababu ni rahisi. Dume mkubwa wa kaa koko hupita sm 15 kwa upana, na huyo ndiye mtakayetaka kumpima kwa uhakika. Mtumbwi wa kukodi ni 1,500 kwa siku pamoja na mwenyewe.

27 Januari 2024: mitego ya kwanza

Mitego 12, kila mmoja fremu ya nondo ya mm 6, urefu sm 60, upana sm 45, kimo sm 25, umefunikwa wavu wa nailoni, na midomo miwili inayotazamana. Gharama 850 kwa mtego. Chambo ni vichwa vya samaki vilivyofungwa kwa uzi katikati.

Mitego hii haikufaa, na sababu zake zilikuwa nyingi kwa pamoja. Kaa mkubwa hukata nailoni kwa gando la kukatia, lile jembamba, na hutoka asubuhi akiacha tundu la kupitisha ngumi. Mitego mingine ilikuwa mizima lakini chambo kimekwisha: kaa wadogo waogeleaji, Thalamita crenata, ambao wamejaa vijitoni, waliingia kwanza wakakila chote, na kaa koko alipofika hapakuwa na harufu ya kumvuta. Mitego iliyowekwa kwenye ukingo wa kijito iliachwa juu ya tope maji yalipopwa, jua likawapiga walionaswa. Na pale ilipokaa kujaa na kupwa mara mbili bila kuteguliwa, tulikuta madume wawili wamepigana hadi mmoja amepoteza gando. Kaa aliyekatika gando uzito wake haufai tena kwa hesabu ya ukubwa na uzito, hivyo kipimo chake kimepotea.

11 Februari 2024: mitego ya pili

Fremu zilibaki zile zile. Wavu wa nailoni ulitolewa, tukafunga wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya sm 2.5. Kubadilisha kulikula 900 kwa kila mtego, kwa hiyo anayeunda upya tangu mwanzo ahesabu 1,450. Chambo sasa kimo ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, limetobolewa matundu madogo kwa msumari wa moto: harufu inatoka, nyama haitoki. Mdomo wa mtego umeinuliwa kwa mteremko kutoka sakafuni, maana kaa hutembea akitambaa na mdomo ulioning'inia katikati humlazimu kupanda ukuta wa wavu, na wengi hawapandi.

Mlango umefungwa kwa uzi wa pamba, si nailoni. Mtego ukipotea, uzi huoza baada ya muda, mlango hufunguka, na mtego hauendelei kuua kaa chini ya maji. Hili halina gharama yoyote na linafaa kuigwa na kila anayetega, awe mtafiti au mvuvi.

Muda nao umebadilika. Tunatega saa kumi na moja jioni maji yakiwa juu, tunategua saa kumi na mbili alfajiri kabla hayajashuka sana, na mtego hukaa sehemu ya kijito ambayo haikauki: angalau nusu mita ya maji hata wakati wa kupwa. Kaa koko hutembea zaidi usiku, kwa hiyo mchana haupotezi kitu. Tangu mabadiliko haya magando yaliyokatika yamekuwa nadra.

Bado mtego una upendeleo wake, na hakuna wavu utakaouondoa. Unamnasa mwenye njaa. Kaa anayekaribia kujivua gamba huacha kula, aliyejivua juzi amejificha, na mdogo haingii penye harufu ya dume mkubwa. Kaa wachache mtegoni haina maana kwamba kaa ni wachache ghubani.

25 Februari 2024: mashimo ni ya nani?

Hesabu ya kwanza ya mashimo tuliitupa. Ilijumlisha kila shimo kubwa kuliko sm 8, na sehemu ya juu penye mchu ikaonekana ina kaa koko wengi kuliko ukingo wa kijito. Mashimo yale yalikuwa ya kaa wa nchi kavu, Cardisoma carnifex.

Tofauti zinazoonekana bila kufukua: shimo la kaa koko lina mdomo bapa, mpana kuliko kimo chake, sawa na umbo la gamba linalopita kwa ubavu. Linaingia kwa mteremko, mara nyingi chini ya mizizi ya mkoko au kwenye ukuta wa kijito, na lina maji ndani hata wakati wa kupwa. Mbele yake kuna tope laini lililosukumwa nje, na mara kwa mara vipande vya magamba. Shimo la Cardisoma liko juu zaidi, mdomo wake ni wa mviringo, linashuka wima, na tope lake limetolewa kwa madonge. Mashimo yenye kifuniko cha tope mithili ya ukaya juu ya mdomo ni ya Neosarmatium, kaa wala majani, na hayo hayaingii kwenye hesabu kabisa.

Shimo likishatambuliwa bado si kaa. Mengine ni matupu, na mwenye shimo moja anaweza kutumia la pili. Tulijaribu kupiga mdomo wa shimo picha wakati wa kupwa na kurudi bamvua inayofuata kutazama kama tope limebadilika. Mvua moja ilifuta alama zote. Kinachofaa ni kumwita mchokoaji. Huingiza fimbo yake polepole na kusikiliza kwa mkono: fimbo ikigonga gamba hurudisha mgongano mkavu, ikigonga mzizi haitikisiki, ikigonga tope huzama. Anajua kama kuna mtu ndani kabla hajavuta. Sasa fomu ina safu tatu kwa kila shimo: lina kaa, ni tupu, halijulikani. Safu ya tatu isiondolewe. Fomu isiyo na «halijulikani» humsukuma mtu kubahatisha.

Kaa wadogo, wa chini ya sm 3, hawamo mashimoni wala mitegoni. Hao tunawatafuta kwa mikono ndani ya fremu ya mita moja mraba, chini ya magogo, kwenye mizizi ya mlilana na kwenye nyasi za bahari. Jihadharini na makinda ya Thalamita. Njia ya haraka ni kuhesabu meno ya ukingo wa gamba kutoka jicho hadi ubavuni: kaa koko ana tisa kila upande, Thalamita crenata ana matano. Kaa wa bluu wa baharini, Portunus, naye ana tisa, lakini la mwisho limechongoka na kurefuka kuliko mengine kwa mbali.

12 Machi 2024: spishi moja au mbili?

Wachokoaji na wanunuzi hapa hutenganisha kaa wa kahawia-nyekundu, ambaye hutoka zaidi mashimo ya juu, na kaa wa kijani wa vijitoni. Ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu wataalamu wenyewe walibishana juu yake kwa miaka mingi.

Peter Forskål ndiye aliyemwelezea kaa huyu kwanza kisayansi, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1775, kutokana na kaa wa Bahari ya Shamu. De Haan aliunda jenasi (kundi la spishi za karibu) Scylla mwaka 1833. Mwaka 1949 Estampador, akifanya kazi Ufilipino, alisema kuna spishi tatu na aina ndogo moja. Mwaka 1960 Stephenson na Campbell waliwarudisha wote kuwa spishi moja, Scylla serrata. Halafu mwaka 1998 Keenan, Davie na Mann, wakitumia vipimo vya mwili pamoja na vinasaba, walithibitisha kwamba spishi ni nne: S. serrata, S. tranquebarica, S. olivacea na S. paramamosain. Kwa upande wetu wa magharibi mwa Bahari ya Hindi anayejulikana ni S. serrata. Nyingine tatu ni za Asia zaidi.

Historia hii ina uzito kazini. Maandishi ya Asia ya kabla ya 1998 yanayosema «Scylla serrata» yanaweza kuwa yanazungumzia yoyote kati ya hao wanne. S. olivacea hukomaa akiwa mdogo kuliko S. serrata. Anayechukua kipimo cha kukomaa kutoka kitabu cha zamani cha huko na kukifanya kanuni ya uvuvi wa Gazi, anaweza kuruhusu majike kuvuliwa kabla hayajazaa hata mara moja.

Alama tunazotumia ni tatu, na zote zisomwe kwa kaa mmoja kabla ya kuandika jina. Ya kwanza ni miiba minne ya paji, katikati ya macho. Kwa S. serrata ni mirefu, imechongoka kwa ubutu, na nafasi kati yake ni za mviringo; kwa S. olivacea ni mifupi na imeviringika. Ya pili ni kipande cha gando kilicho nyuma ya kiganja, tukiite kiwiko: S. serrata ana miiba miwili iliyo wazi kwenye nusu ya mbele ya ukingo wa nje, ilhali S. olivacea na S. paramamosain mmoja haupo na mwingine umepungua. Ya tatu ni michoro ya vyumba vyumba kwenye miguu. S. serrata anayo kwenye magando na miguu yote, S. tranquebarica na S. paramamosain huonekana vizuri kwenye jozi mbili za mwisho tu, S. olivacea hana.

Rangi haimo kwenye orodha, na sababu yake ilionekana mara tulipoanza kuosha kaa kwa mswaki. Wengi wa wale «wekundu» walikuwa na gamba la zamani lililonyonya rangi ya tope la juu. Baada ya kusuguliwa, michoro ya miguu ilijitokeza ile ile. Wachache tuliwaweka kwenye vizimba ili tuone gamba jipya. Vizimba vya kwanza havikuwa na vyumba, na kaa wa kwanza kujivua aliliwa na wenzake usiku huo huo. Vizimba vyenye vyumba vya kaa mmoja mmoja viligharimu 6,500. Humo gamba jipya lilitoka safi, la kijani zaidi, na miiba ya paji haikubadilika umbo.

Miiba ina tatizo lake. Urefu wake hupimwa kwa uwiano na upana wa paji: takriban 0.06 kwa S. serrata, 0.03 kwa S. olivacea. Kwa paji la mm 50 hiyo ni mm 3 dhidi ya mm 1.5, na kalipa juu ya kaa anayetapatapa haitoi tofauti hiyo kwa uhakika. Tulihamia picha. Picha za kwanza zilikuwa na rula pembeni na bado uwiano uliyumba kutoka picha moja hadi nyingine ya kaa yule yule. Kumbe uwiano hauhitaji rula, unahitaji pembe: gamba likiinama mbele kidogo, mwiba hufupika machoni mwa kamera lakini upana wa paji haubadiliki. Sasa kaa aliyefungwa magando hulazwa kwenye ubao wenye sponji, gamba husawazishwa, na kamera hukaa wima juu ya paji. Picha tatu kwa kila kaa, na kati ya picha kaa hunyanyuliwa na kulazwa upya. Zikitofautiana, picha zote hurudiwa. Kaa mwenye gamba kuukuu na miiba iliyosagika asitumike kwa alama hii. Asomwe kiwiko na miguu.

10 Aprili 2024: sampuli za vinasaba

Alama za mwili zinatosha kazini, lakini swali la wekundu na wa kijani linastahili jibu la vinasaba. Kundi la kwanza la sampuli limeharibika. Nyama ilihifadhiwa kwa spiriti ya dukani, ambayo ina maji na viungio, na ikalainika. Vilevile wino wa kalamu juu ya vichupa uliyeyuka ethanoli ilipomwagika, na sampuli isiyo na jina ni takataka.

Utaratibu mpya: kata ncha ya mguu mmoja wa kutembea, usiguse wa kuogelea (ule bapa wa nyuma), mguu huota tena kaa akijivua. Toa nyama kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, weka kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kiasi cha ethanoli kiwe mara kumi ya nyama, na ibadilishwe kesho yake kwa sababu maji ya nyama huizimua. Namba iandikwe kwa penseli kwenye karatasi inayotumbukizwa ndani ya kichupa. Formalini isikaribie kabisa. Sampuli 24, nusu wekundu, nusu wa kijani, zimepelekwa maabara kusomwa kipande cha jeni ya COI ya mitokondria, inayotumika kutambua spishi, 3,500 kila moja.

24 Mei 2024: masika na chumvi

Bamvua ya mwanzo wa mwezi tuliikosa. Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei na bahari ya huku nayo haikuwa ya mtumbwi. Nafasi hiyo imeachwa wazi kwenye jedwali. Kujaza kwa wastani wa miezi ya jirani ni kutunga data.

Refraktomita isawazishwe kwa maji yaliyotoneshwa (distilled water) kila asubuhi. Vipimo vyetu vya Aprili kutoka mkono wa Kidogoweni vilionyesha maji yasiyo na chumvi karibu kabisa, na bado kaa walikuwamo mitegoni pale pale. Tulikuwa tunachota juu. Maji ya mto ni mepesi, hupanda juu ya yale ya bahari, na kaa yuko chini. Sasa tunatumia chupa iliyofungwa jiwe, kizibo chake kina kamba; inashushwa hadi chini ndipo kizibo hung'olewa. Tofauti kati ya juu na chini siku za mvua ni kubwa kiasi kwamba vipimo vyote vya awali vya mkono huo vimefutwa.

Wakati wa mvua kubwa mitego ya Kidogoweni ilileta kaa wachache sana, ilhali mashimo ya mkono huo huo yalibaki na wenyewe. Kaa mkubwa huvumilia chumvi kidogo. Alichoacha ni kutoka kutafuta chakula. Mtu mwenye mitego tu angeandika kwamba kaa wamehama. Ndiyo maana mitego, mashimo na fremu za makinda zina jedwali lake kila moja, na hazijumlishwi.

22 Julai 2024: kuweka lebo

Lebo zilizobandikwa juu ya gamba kwa gundi ya epoksi hubaki kwenye gamba lililovuliwa, kaa akaenda zake. Rangi ya kucha ni nzuri kwa bamvua moja, baada ya hapo husuguliwa na tope. Tulihamia lebo ndogo za plastiki zenye ncha ya umbo la T, zinazopachikwa kwa bastola yenye sindano, ya aina ile inayopachika bei kwenye nguo. Bastola, sindano na lebo 200 ziligharimu 14,000.

Mahali pa kupachika ndipo penye siri. Kaa akijivua, gamba hupasuka nyuma, kwenye mshono kati ya gamba la juu na mwili. Lebo ikipita kwenye mshono huo, juu ya shina la mguu wa kuogelea, ncha yake hushika nyama na kaa hutoka nayo kwenye gamba jipya. Sindano ielekezwe pembeni. Katikati ya mgongo kwa nyuma ndipo ulipo moyo, na kaa aliyechomwa hapo hafiki jioni. Asiwekwe lebo kaa laini, wala anayekaribia kujivua: tazama ukingo wa mguu wa kuogelea dhidi ya mwanga, ukiona mstari wa pili ndani ya ule wa nje, mwache.

Wachokoaji hupewa 100 kwa kila lebo. Mwanzoni lebo zilirudi zenyewe, bila mahali wala tarehe, na hazikutufaa kitu. Sasa malipo ni kwa lebo, jina la mahali na upana wa kaa, na wanaofika mara nyingi tumewapa kijiti kilichochorwa sentimita.

Kaa wa kwanza kurudi na lebo walitufundisha jingine: baadhi walionekana wamepungua upana, jambo lisilowezekana. Tulikuwa tunapima kutoka ncha ya jino la tisa upande mmoja hadi ncha ya upande wa pili, na ncha hizo huvunjika. Tangu hapo tunapima pia upana wa ndani, kwenye vishimo vilivyo mbele tu ya meno hayo ya mwisho. Vishimo havisagiki. Anayeanza leo aanze na upana wa ndani.

21 Agosti 2024: wanakula nini

Tumbo la kaa wa mtegoni limejaa chambo, halina habari. Tumetumia kaa wa mashimoni tu, tulionunua kwa wachokoaji na ambao wangeuzwa vyovyote vile, nao huwekwa kwenye barafu pale pale, maana usagaji wa chakula hauishi kaa akitolewa shimoni. Hata hivyo matumbo mengi huwa matupu, na utupu huo uandikwe.

Ndani yake kuna vipande vya magamba ya konokono na chaza, vifuniko vya tondo (konokono wa mikokoni), na vipande vya kaa wadogo. Mabaki ya samaki ni machache. Kinachokwenda pole pole au kisichokwenda kabisa ndicho chakula chake. Karibu na mashimo ya penye mkoko okota magamba ya tondo uyatazame midomo: yale yaliyoliwa na kaa yamemegwa ukingo kidogo kidogo kwa kuzunguka, gando pana la kupondea likifuata mdomo hadi kufikia nyama. Tondo mkubwa mwenye mdomo mnene huwa na alama za kumegwa na bado yu hai.

19 Oktoba 2024: majike na ukomavu

Ukomavu wa jike husomwa kwenye tumbo lililokunjwa chini. Kwa jike mchanga lina umbo la pembetatu na limebana. Kwa aliyekomaa ni pana, la mviringo, limekoza rangi na lina nywele pembeni. Dume tumbo lake ni jembamba maisha yote, hivyo tunatafuta mikwaruzo kwenye kifua na miguu ya mbele, inayoachwa na kumkumbatia jike kabla na baada ya kujivua kwake. Jike hupandwa akiwa laini, na mbegu huzihifadhi mwilini kwa muda mrefu.

Jike mwenye mayai nje hapatikani vijitoni, na si kosa la mtego. Hutoka kwenda bahari ya nje kutaga, mayai kwa mamilioni, kwa sababu watoto wake hawawezi maji ya chumvi kidogo. Watoto hao hupitia hatua tano za zoea (buu anayeelea), kisha megalopa (buu anayekaribia umbo la kaa), ndipo hurudi mikokoni. Kwa hiyo uwiano wa majike na madume wa ndani ya ghuba usitafsiriwe kana kwamba ni wa kundi zima.

3 Desemba 2024: majibu ya maabara

Sampuli zote zilizosomeka, nyekundu na kijani, zimelingana na Scylla serrata. Chache hazikusomeka na zitarudiwa kwa nyama iliyobaki. Safu ya rangi inabaki kwenye fomu, chini ya kichwa kipya cha hali ya gamba: jipya, la kati, kuukuu. Majina ya wachokoaji ya aina mbili nayo yanabaki kwenye safu yake, kwani yanatuambia kaa alitoka wapi.

Kinachofuata ni kuendelea na mashimo na lebo wakati wa kaskazi, maji yakiwa na joto zaidi. Mitego itapunguzwa hadi sita, mitatu kila mkono, na fedha zitakazobaki zitaongeza fremu za makinda kwenye nyasi za bahari, sehemu ambayo jedwali letu bado lina nafasi nyingi zilizo wazi.